Anza na bodi, kisha upepo: kuongeza kasi ya i5-2500K na ndugu zake

Wengi wanaoniletea kompyuta huanza na prosesa. Mtu amepata i5-2500K kwenye mzigo wa mtumba, amesikia kwamba enzi zake ilisukumwa hadi 4.5 GHz bila shida, na swali lake ni moja: tuipandishe hadi ngapi? Mimi humwuliza kwanza ana bodi gani (ubao mkuu, motherboard), kisha chumba chake kina joto kiasi gani saa nane mchana. Prosesa za Sandy Bridge, kizazi cha Intel chenye i5-2500K kilichotoka Januari 2011, ni imara kuliko karibu kila kitu kinachozizunguka. Kinachoshindwa ni bodi inayozilisha umeme na hewa inayozipoza. Na hapa Dar es Salaam lazima tuviangalie hivyo viwili kwa makini zaidi, maana miongozo mingi imeandikwa na watu waliokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20.

Nitazungumzia soketi ya LGA1155, yaani kiti cha prosesa hizi kwenye bodi, kwa sababu ndiyo imejaa kwenye maduka ya mtumba na bado ina nguvu ya kuhariri video ya 1080p au kuendesha programu ya studio ya muziki.

Bodi ipi inakubali

Kasi ya prosesa hizi ni 100 MHz ikizidishwa kwa namba fulani. Kwa 2500K namba hiyo ni 33, ndiyo maana imeandikwa 3.3 GHz. Ile 100 yenyewe usiiguse. Kwenye kizazi hiki mapigo hayo ya 100 MHz yanaendesha pia PCIe na SATA, yaani njia za kadi na za diski, kwa hiyo ukivuka 103 au 105 diski zinaanza kuleta makosa na unaweza kuharibu mafaili bila kujua. Njia iliyobaki ni kizidisho, yaani ile namba ya 33, nacho kiko wazi kwenye prosesa zenye herufi K mwishoni, ndani ya bodi yenye chipseti (chipu kuu ya bodi) ya P67, Z68 au Z77. Ukiwa na H61, H67 au B75, hata uwe na 2600K, ndugu mkubwa wa 2500K, utabaki ulipo. Bodi nyingi za bei ya chini za 1155 zinazouzwa mtandaoni zikiitwa mpya ni H61 au B75, basi soma jina la chipseti kabla ya kutoa hela.

Mashine za ofisi, yaani Dell OptiPlex na HP Compaq Elite, ziache zilivyo. Chipseti zake za Q65, Q67 na Q77 hazifungui kizidisho, BIOS yake (programu ya mipangilio ya bodi) haina ukurasa wa volti, na OptiPlex 790 ya umbo dogo ina pawasaplai ya wati 240. Ila prosesa iliyomo usiidharau. i5-3470 ukiihamishia kwenye bodi ya Z77 inaruhusiwa hatua nne juu ya turbo yake, yaani kasi inayojipandisha yenyewe: viini vyote vinne vinafanya kazi kwa 3.8 GHz badala ya 3.4. Ni nyongeza ya karibu asilimia 12 bila kuchezea volti kwa mkono, na kwa mtu anayesubiri video imalizike usiku hiyo si haba.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo watu hulipita haraka, nami ningependa wakae nalo. Umeme unaotoka kwenye pawasaplai ni volti 12, prosesa inakula karibu volti 1.2. Kazi ya kuushusha inafanywa na kile kikundi cha vipande kilichopangwa kando ya soketi: mosfeti, koili na kapasita. Piga hesabu. Prosesa ya wati 95 kwa volti 1.2 inavuta karibu ampea 79. Ukiipandisha 2500K kutoka 3.4 GHz, turbo yake viini vyote vikifanya kazi, hadi 4.4, na volti kutoka 1.20 hadi 1.32, joto linaongezeka sambamba na kasi, na kwa kipeo cha pili cha volti: 1.29 mara 1.21, yaani karibu mara 1.57. Wati 95 zinakuwa karibu 150, na ampea zinapanda hadi 113. Zote zinapita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha. Bodi ambayo mosfeti zake ziko wazi, bila bati la alumini juu yake, itapata moto na kuipunguza kasi prosesa ili ijilinde, au itakufa polepole huku mwenyewe akilaumu prosesa.

Kwa hiyo ninapokagua bodi ya mtumba naangalia hivi. Mosfeti zote za prosesa ziwe zimefunikwa kwa bati lenye skrubu, si lililobandikwa kwa gundi tu. Plagi ya umeme ya prosesa iwe ya pini 8. Ile ya pini 4 inabeba wati 150, lakini kwenye hewa ya chumvi ya pwani pini zinapata kutu, mguso unapungua, plastiki inaanza kubadilika rangi. Plagi ikiwa na rangi ya kahawia upande mmoja, rudisha bodi kwa mwenyewe. Kapasita ziwe za kichwa tambarare cha chuma, zile zisizo na maji ndani. Zile za zamani zenye alama ya msalaba juu, ukiona hata moja imevimba, achana nayo.

Halafu soketi. Kwenye LGA pini ziko kwenye bodi, 1155 zote, na moja ikipinda unaweza kupoteza mlango mzima wa ramu. Washa tochi ya simu, ilaze pembeni, geuza bodi taratibu: pini zilizonyooka zinameta kwa mistari sawa, iliyopinda inavunja mstari. Muuzaji asiyetaka ukague soketi, mshukuru uondoke.

Bodi za P67 zina jambo moja zaidi. Mwishoni mwa Januari 2011 Intel ilitangaza kasoro kwenye chipseti za kwanza za kizazi hicho: milango ya SATA ya 3 Gb/s huchakaa kadiri muda unavyokwenda. Zilizorekebishwa zinaitwa B3, na Gigabyte waliliweka neno hilo kwenye jina lenyewe la bodi, kama GA-P67A-UD3-B3. Ukipata P67 isiyo B3, tumia milango ya 6 Gb/s peke yake. Z68 na Z77 zilikuja baadaye, hazina tatizo hilo. Zile ninazozipenda ni ASUS P8Z68-V PRO, P8Z77-V, ASRock Z77 Extreme4 na Gigabyte GA-Z77X-UD3H. Nikipewa kuchagua kati ya Z77 nzuri yenye 2500K na P67 hafifu yenye 2600K, nachukua ya kwanza bila kufikiri.

Kupoza kwenye joto la pwani

Hakuna feni wala maji yatakayoshusha prosesa chini ya joto la chumba. Kipozeo kinaamua tu prosesa itakuwa nyuzi ngapi juu ya chumba. Mashine inayosoma 72 kwenye duka lenye kiyoyozi cha nyuzi 22 itasoma karibu 82 kwenye chumba cha nyuzi 32, mwezi Februari, dirisha likiwa wazi na hewa imetulia. Ndiyo maana sikubali kipimo cha dukani. 2500K hujipunguzia kasi ikifika nyuzi 98. Mimi nataka isivuke 80 katika joto la nyumbani kwa mwenyewe, kwa hiyo dukani, kiyoyozi kikiwa 22, haitakiwi kuvuka 70.

Kipozeo kilichokuja na prosesa, kile cha duara chenye vishikizo vinne vya plastiki, hakitoshi kwa wati 150. Tafuta mnara wenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120, kama Cooler Master Hyper 212 EVO. Una urefu wa milimita 159, basi pima kasha lako kutoka juu ya prosesa hadi kifuniko kabla ya kununua. Mashimo ya 1155 yako umbali sawa na ya 1150, 1151 na 1200, hivyo kipozeo kilichotengenezwa kwa soketi hizo kinakaa vizuri. Cha soketi ya zamani ya 775 hakikai, mashimo yake yako karibu zaidi.

Vipozeo vya maji vilivyofungwa sivitaki vya mtumba. Maji hupenya kwenye mipira kidogo kidogo miaka inavyopita, pampu inachoka, na huwezi kuona ndani. Kuna sababu nyingine pia: kipozeo cha maji kinaondoa feni karibu na soketi, na zile mosfeti tulizozihesabia ampea 113 zinabaki bila upepo. Mnara wa kawaida, feni yake ikisukuma hewa kuelekea nyuma ya kasha, unazipepea kidogo. Ongeza feni moja ya kutoa hewa nyuma na moja ya kuingiza mbele yenye chujio la vumbi, umemaliza.

Pesti ya joto iwe tone la ukubwa wa mbegu ya choroko katikati. Ya zamani itoe kwa spiriti safi, si kwa kucha. Kuna tofauti ya vizazi hapa: Sandy Bridge ina kifuniko kilicholehemiwa kwa metali, joto linapita vizuri. Ivy Bridge, kizazi kilichofuata chenye 3570K na 3770K, ina pesti ndani ya kifuniko, hivyo husoma nyuzi nyingi zaidi kwa volti zilezile. Usibadilishe kipozeo ukidhani kimekufa, punguza volti.

Kupandisha

Ingia BIOS, iache volti kama ilivyo, weka kizidisho 40. Washa, endesha Prime95, programu ya kuibana prosesa ifanye kazi kwa nguvu zote, kwa nusu saa huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto la kila kiini. Ikitulia, panda hatua moja. Ikizima au ikileta skrini ya bluu, ongeza volti kwa 0.01 na ujaribu tena. 2500K nyingi hufika 4.2 au 4.4 GHz kabla ya volti 1.30, na hapo ndipo ningekushauri usimame. Mimi sivuki volti 1.35 kwenye mashine ya kazi ya kila siku. Kila kunapokuwa na mapumziko, gusa bati la mosfeti kwa nyuma ya kidole: ukishindwa kukiacha hapo, bodi inataka upepo au inataka ushuke hatua mbili, hata kama prosesa inasoma nyuzi 65.

Jaribio la mwisho lifanye nyumbani kwa mwenye mashine, mchana, kasha likiwa limefungwa, kwa kazi yake halisi: mradi wa video wenye urefu wa kawaida, tangu mwanzo hadi faili linatoka.

Badilisha betri ya CR2032 ya bodi siku hiyohiyo. Bodi hizi zina zaidi ya miaka kumi, betri nyingi zimeisha, na umeme ukikatika BIOS inasahau kizidisho na volti ulizoweka. Piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, mwachie mwenyewe. Mwonyeshe pia jampa ya kufuta mipangilio ya BIOS (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili za bodi) iko wapi, ili mashine ikigoma kuwaka aweze kuirudisha kwenye kasi ya kiwandani bila kuibeba mpaka kwa fundi.