Somo: Jinsi ya kumwahi ndege mhamiaji wa kwanza wa majira ya kuchipua

Wengi wanaoanza kuangalia ndege hudhani kumwona mbayuwayu wa kwanza wa mwaka ni bahati. Bahati ipo, siikatai. Lakini wachunguze wale wanaowatangulia wenzao kila mwaka, utakuta wana tabia mbili: wanarudi palepale mara kwa mara, na wanaandika hata siku ambayo hawakuona kitu. Hiyo ya pili hudharauliwa sana, na ndiyo nitakayoikazania.

Miezi nitakayotaja ni ya kizio cha kaskazini, ambako majira ya kuchipua ni Machi hadi Mei. Walio kusini waanze kuhesabu Septemba.

Hatua ya 1: Jua nani anatangulia

Usiwasubiri wote kwa mpigo. Wanaorudi mapema ni wale ambao hawakwenda mbali. Ndege aliyekaa kipindi cha baridi kandokando ya Mediterania yuko jirani tu. Baridi ikilegea anasogea, ikirudi anasita. Aliyeko kusini ya Sahara hana namna ya kujua hali ya hewa ya huko aendako, kwa hiyo huongozwa zaidi na saa iliyomo mwilini mwake, na tarehe zake hazipishani sana mwaka hadi mwaka.

Uingereza na nchi za jirani, mwezi Machi huleta mbayuwayu wadogo wa kahawia wanaochimba matundu kwenye kingo za mchanga, pamoja na vile videge vya kijanikijani vinavyorukaruka vichakani. Aprili ni ya mbayuwayu mwenye koo la rangi ya kutu, halafu kekeo, yule anayejulikana kwa mlio wake wa silabi mbili. Teleka, yule mweusi mwenye mbawa kama mundu, hufunga msafara mwishoni mwa Aprili na Mei, na hata akija hakai: Agosti ikianza, wengi wao wameshaanza kuondoka. Ukikaa Machi nzima ukimtafuta teleka, unajichosha bure.

Hatua ya 2: Chagua sehemu moja, na iwe na maji

Mbayuwayu hula wadudu akiwa angani. Siku za mwanzo bado kuna baridi, wadudu ni wachache, na wengi wa hao waliopo ni usubi wanaotoka majini. Ndiyo maana yule wa kwanza mara nyingi haonekani juu ya mapaa ya nyumba, bali ziwani, bwawani au kwenye mto unaokwenda polepole. Tazama chini, karibu kabisa na uso wa maji, upande uliokingwa na upepo, kwa sababu ndiko wadudu hukusanyika.

Kwa videge vya vichakani, tafuta mierebi iliyotoa maua karibu na maji. Miti hiyo huchanua mapema, wadudu huifuata, na ndege hufuata wadudu. Ukingo wa msitu unaopigwa na jua la asubuhi nao ni mzuri.

Kwa nini sehemu moja? Kwa sababu ukipazoea utawajua wakazi wote wa pale kwa sura na kwa sauti, na mgeni atajitangaza mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma upepo kabla hujalala

Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Huruka baada ya jua kuzama na kutua alfajiri. Upepo wa nyuma, yaani ule utokao kusini, huwasukuma. Upepo wa mbele na mvua huwakwamisha. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: usiku wa anga safi wenye upepo mzuri hadi asubuhi unaweza kukuacha mikono mitupu, kwa kuwa ndege wamepita juu wakaenda zao. Asubuhi tamu kuliko zote ni ile iliyotanguliwa na usiku ulioanza vizuri kisha ukaharibika. Walikuwa njiani tayari, mvua ikawakuta, wakashuka popote penye kichaka.

Makundi haya huonekana hata kwenye rada za hali ya hewa, na Marekani kuna mradi wa BirdCast unaotumia rada hizo kutabiri usiku wa wingi wa ndege. Asiye na huduma hiyo atosheke na utabiri wa kawaida wa upepo.

Korongo na tai sharti lao ni tofauti. Wao hupanda juu kwa hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, na hewa hiyo haipo usiku wala juu ya bahari. Basi husafiri mchana, na hujibana kwenye njia nyembamba kama Bosphorus kule Uturuki, na Gibraltar kati ya Hispania na Moroko, ambapo hapo Gibraltar bahari ina upana wa takriban kilomita 14 tu. Hao huna haja ya kuwaamkia alfajiri. Kunywa chai yako kwanza.

Hatua ya 4: Anza na masikio

Ukifika, simama, usitembee. Ndege aliyetua alfajiri yuko hoi na anakula; utamsikia kabla hujamwona.

Masikio nayo hudanganywa. Kila mwaka kuna watu wanaotangaza kekeo mapema mno, kumbe wamemsikia tetere mwenye ukosi mweusi shingoni. Hesabu silabi: kekeo hutoa mbili, ya kwanza juu na ya pili chini, ananyamaza kidogo, anarudia. Tetere hutoa tatu, na mkazo wake uko katikati. Mwigaji mwingine ni kwezi wa Ulaya, ambaye huchomeka milio ya ndege wengine katikati ya wimbo wake. Ukisikia mgeni adimu kutoka juu ya nguzo, tazama kwanza ni nani aliyekaa pale. Programu ya Merlin ya kutambua sauti ni msaada mkubwa, lakini iwe mpelelezi, hukumu ibaki kwako.

Hatua ya 5: Mhakiki kabla ya kushangilia

Mgongo wa buluu iliyokoza na mkia wenye ncha mbili ndefu: mbayuwayu. Kiuno cheupe juu ya mkia: ni jamaa yake anayejenga kwa tope chini ya mapaa. Kahawia na mshipi kifuani: yule mchimba mchanga. Mweusi mzima na mbawa kama mundu: teleka. Huyo wa mwisho hutamwona kwenye waya kamwe. Miguu yake ni mifupi mno, haimwezeshi kukaa hapo.

Hatua ya 6: Andika, na "hakuna" uiandike pia

Mwaka 1736 Mwingereza Robert Marsham alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua shambani kwake Norfolk, wakiwemo mbayuwayu na kekeo. Ukoo wake uliendeleza daftari hilo hadi 1958. Hazina kubwa. Lakini tarehe ya "wa kwanza" ina udhaifu: inategemea idadi ya macho. Mwaka huu mkiangalia watu ishirini mahali alipokuwa akiangalia mmoja, wa kwanza ataonekana mapema zaidi, hata kama ndege hawajabadilisha ratiba yao.

Dawa yake ni daftari lenye siku zote ulizotoka. Tarehe 3 hakuna, tarehe 5 hakuna, tarehe 6 mmoja, tarehe 9 kumi na wawili. Mtu akisoma hapo anajua kuwa wa kwanza alikuja kati ya tarehe 5 na 6, tena anaona wimbi lilivyopanda. Ukiandika "tarehe 6 nimemwona mbayuwayu" peke yake, hatuna hakika kama alifika siku hiyo au ndiyo siku uliyotoka nje. eBird, daftari la mtandaoni la waangalizi wa ndege lililoanzishwa mwaka 2002, huuliza kama orodha yako ni kamili kwa sababu hiihii. Andika pia saa uliyoanza, saa uliyomaliza na upepo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, niliona mbayuwayu mmoja juzi, tangu hapo kimya. Amekufa?

Jibu: Inawezekana, maana baridi kali ikiua wadudu, ndege wa gramu ishirini hivi hana akiba ya kutosha. Lakini mara nyingi ni mpita njia tu, kwao ni mbele zaidi. Wengine hurudi nyuma kidogo hali ikiharibika. Madume hutangulia majike wakigombea mahali pazuri pa kiota, na anayewahi hucheza kamari na baridi. Kaangalie bwawani.

Swali: Darubini ipi inafaa, 8x42 au 10x42?

Jibu: 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiwa na 10 picha hutikisika zaidi na eneo unaloliona kwa kawaida ni finyu, na mbayuwayu hakusubiri umtafute.

Swali: Sisi tulio karibu na ikweta hatuna majira ya kuchipua. Somo hili linatuhusu?

Jibu: Sana. Safari hiyo ya kaskazini huanzia kwenu. Kazi yenu Machi na Aprili ni kumwandika wa mwisho, na ni ngumu kuliko ya kumwandika wa kwanza: wa mwisho hujui kuwa ni wa mwisho mpaka siku zimepita bila mwingine. Hapo "hakuna" zenu ndizo zinazobeba ushahidi wote. Waangalieni wanavyokusanyika kwenye nyaya, na mhesabu kila mnapotoka. Kuanzia Septemba mtaandika wanaofika, kama wengine.

Swali: Naweza kucheza sauti iliyorekodiwa ili ajitokeze?

Jibu: Usifanye hivyo. Ametoka kuvuka jangwa, mafuta yamemwisha, nawe unamwambia kuna dume mwenzake wa kupigana naye.

Swali: Ni kweli mbayuwayu wa bandani kwangu ni yuleyule wa mwaka jana?

Jibu: Kwa mkubwa aliyewahi kuzalia hapo, uwezekano ni mkubwa. Makinda hurudi jirani, si lazima banda lilelile. Tunajua haya kwa pete za miguuni, kazi iliyoanza kupangwa vizuri na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hapo mabishano kuhusu waendako yakapungua sana.

Swali: Nimesikia kekeo mapema kuliko kawaida, silabi mbili kabisa, nimehesabu! Nikiripoti wananikatalia. Nifute?

Jibu: Usifute, dada. Andika ulichosikia, kwa muda gani, na kwamba hukumwona. Weka alama ya "huenda". Ripoti za mapema mno hudaiwa ushahidi na hilo ni haki, halikulengi wewe. Kesho alfajiri rudi palepale na simu ikiwa tayari kurekodi. Kekeo akishafika hupenda kuita, na kama ni yeye, huenda akakupa nafasi ya pili.