Vitamini B kwa ganzi ya miguu: namna ya kuzitumia bila kujidhuru

Wengi wanaokuja kutafuta vitamini B katika maduka ya dawa hapa Lamu hawaziiti kwa jina hilo. Huomba "dawa ya mishipa", yaani mishipa ya fahamu, huku wakionyesha nyayo au ncha za vidole, na hueleza hali yao kwa maneno ambayo nimeyazoea kwa miaka niliyokaa nyuma ya meza ya dawa mtaa wa Langoni: miguu imeingia ganzi, nyayo zinawaka moto usiku, sakafu ni kama pamba, ndara inavuka mguuni bila mwenyewe kujua. Mwongozo huu nimewaandikia wao, pamoja na watoto wao ambao ndio hutumwa dukani na kipande cha pakiti iliyokwisha.

Jambo la kwanza la kufahamu, na ndilo linalonifanya niandike, ni kwamba ganzi ya miguu inaweza kuletwa na upungufu wa vitamini B12, na ganzi iyo hiyo inaweza kuletwa na wingi wa vitamini B6. Vitamini hizi mbili mara nyingi hutiwa ndani ya kidonge kimoja. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anameza tiba ya mshipa mmoja na sumu ya mshipa mwingine kwa funda moja la maji, na akiona hali inazidi, akaongeza vidonge.

Nitaeleza tukio lililonifunza hayo. Bibi mmoja wa upande wa Mkomani, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alikuja akaniambia, "Mwanangu, nameza dawa ya mishipa asubuhi, mchana na jioni, na mishipa ndiyo kwanza yazidi kufa." Nilimuomba mfuko wake wa dawa. Kila kidonge kilikuwa na miligramu 200 za B6, naye akimeza vitatu kwa siku, yaani miligramu 600, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mahitaji ya mwili wa mtu mzima kwa siku nzima hayafiki hata miligramu 2. Pakiti ya mwisho nilikuwa nimemuuzia mimi mwenyewe bila ya kumuuliza ametumia ngapi kabla ya hapo, na jambo hilo bado linaniuma. Aliacha vidonge vile kwa ushauri wa daktari, akapimwa damu, na ikaonekana kwamba B12 yake ilikuwa chini, kwa sababu alikuwa akitumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa zaidi ya miaka kumi. Alihitaji sindano za B12 peke yake. Alipata nafuu, ingawa si nafuu kamili.

Kabla ya kununua

Tafuta kwanza sababu ya ganzi. Vitamini huziba pengo la vitamini tu. Haishushi sukari, haiondoi uvimbe unaobana mshipa mgongoni, wala haitibu ukoma, ugonjwa ambao watu huona haya kuutaja lakini ambao dalili yake ya mwanzo huwa ni baka la ngozi lisilohisi mguso wala joto. Mwenye kisukari ambaye B12 yake ni ya kutosha hatapata kwa vidonge vya B12 kile anachoweza kukipata kwa kudhibiti sukari. Pombe ya muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na pia humaliza vitamini B1 mwilini, na hapo kidonge bila ya kuiacha pombe ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Ganzi iliyokuja kwa ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo uliopinda, ulimi uliokuwa mzito, au miguu inayolegea pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, si mambo ya duka la dawa. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na aliye Pate, Faza au Kiwayu asingoje mashua ya kesho.

Wanaostahili kushukiwa upungufu wa B12 ni wanaotumia metfomini kwa miaka, hasa kwa kipimo kikubwa. Wanaomeza omeprazoli kila siku kwa ajili ya kiungulia. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo au wa utumbo mwembamba. Wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Na wazee, kwa kuwa tumbo likizeeka hupunguza asidi ya kuitoa B12 kwenye chakula. Wapo pia ambao miili yao haitengenezi vyema ile protini ya tumboni inayoibeba B12 hadi mwisho wa utumbo mwembamba inakofyonzwa. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, na ndiyo maana upungufu huingia polepole kama maji kupwa, hadi siku moja mtu akashtuka kuwa hawezi kutembea gizani bila ya kushika ukuta. Ulimi kuuma na kuwa laini, kusahau mno, weupe wa kope za ndani na uchovu huandamana nao mara nyingine, lakini ganzi yaweza kuja hata kama damu haijapungua.

Mwenye mojawapo ya hali hizo aombe kipimo cha B12 cha damu kabla ya kuanza vidonge. Mpangilio huu una maana yake: ukianza kumeza, kiwango katika damu hupanda upesi, na kipimo cha baadaye hakitaweza kuonyesha kama ulikuwa na upungufu. Si kila maabara hufanya kipimo hiki, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipa nauli. Na yeyote asiache metfomini kwa kusoma maneno haya. Dawa hiyo ina faida kubwa, na upungufu inaouleta hutibika huku mtu akiendelea kuitumia.

Kusoma pakiti

Geuza pakiti upande wenye maandishi madogo na usitosheke na jina la mbele. Majina ni mengi na yaliyomo ni yale yale. B1 huandikwa tiamini, B6 huandikwa piridoksini, B12 huandikwa kobalamini na maneno yanayofanana nayo. Kisha angalia vipimo, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hukosea. Mikrogramu 1,000 ndizo miligramu 1. Mikrogramu 1,000 za B12 ni kiasi cha kawaida cha tiba, lakini miligramu 1,000 za chochote katika kundi hili ni jambo jingine kabisa.

Kwa mtu mzima, mahitaji ya siku ni miligramu 1.1 hadi 1.2 za B1, miligramu 1.3 hadi 1.7 za B6, na mikrogramu 2.4 tu za B12. B12 haina kiwango cha juu kilichowekwa, kwa kuwa haijaonekana kudhuru kwa wingi wake. B6 ndiyo ya kuhesabiwa. Marekani imeweka mpaka wa miligramu 100 kwa siku, na wataalamu wa Umoja wa Ulaya mwaka 2023 waliushusha mpaka wao kutoka miligramu 25 hadi 12. Ninaona tahadhari ya Ulaya ndiyo ya kufuatwa na mtu anayejinunulia mwenyewe bila ya kuandikiwa, hasa akikusudia kumeza kwa miezi, kwa sababu madhara yanategemea kiasi na pia muda. Chukua kalamu, andika B6 iliyomo katika kila kitu unachotumia, ukianza na kidonge cha mishipa, kidonge cha vitamini mchanganyiko, dawa ya nywele na kucha, hadi kinywaji cha kuongeza nguvu, kisha jumlisha.

Madhara ya B6 huanza kwa ganzi na kuchomachoma katika miguu na mikono yote miwili, na mtu hupoteza utulivu wa kutembea. Ukishuku, acha na umwone daktari. Mara nyingi hali hurudi nyuma baada ya miezi, ingawa katika wiki za mwanzo inaweza kuzidi kidogo kabla ya kutulia, na hilo lisikufanye uirudie dawa.

Anayetibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi hahusiki na onyo hili kwa namna hiyo hiyo. Dawa ile hupunguza nguvu ya B6 mwilini, ndiyo maana kliniki humpa piridoksini, kwa kawaida miligramu 25 hadi 50. Aimeze kama alivyopewa. Asiongeze nyingine ya dukani, na asiipunguze.

Namna ya kumeza

Aliyethibitika kuwa na upungufu wa B12 pamoja na ganzi kwa kawaida huanzishwa sindano hospitalini, kwa kuwa mishipa haina subira na kuchelewa huacha ulemavu. Asiye na dalili za mishipa, au aliyekwisha kupata sindano za mwanzo, anaweza kuandikiwa vidonge vya mikrogramu 1,000 kila siku. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa kupita kiasi ukikilinganisha na mikrogramu 2.4, lakini bila ya msaada wa ile protini ya tumboni mwili hupenyeza takriban asilimia 1 tu, na asilimia hiyo hutosha.

Vidonge vya mchanganyiko vimezwe baada ya chakula, kwa kuwa tumbo tupu huweza kuleta kichefuchefu. Mwezi wa Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku kimezwe baada ya futari au wakati wa daku, na siku iliyosahauliwa isifidiwe kwa kumeza viwili. Mkojo ukiwa wa manjano makali ni rangi ya vitamini B2 inayotoka, usiogope.

Kuhusu sindano nina maneno makali zaidi. Wako wanaonunua chupa na kumpa jirani "anayejua kupiga". Sindano ya matakoni iliyopigwa pasipo mahali pake huweza kuujeruhi mshipa mkuu wa fahamu wa mguu, na hapo mtu aliyetafuta dawa ya ganzi hupata mguu unaoburuta. Sindano ya B1, hata kama ni kwa nadra, inaweza kuleta mzio mkali unaobana pumzi. Ipigwe kituoni, na mhudumu aliyesomea, mahali penye dawa ya kukabiliana na mzio huo.

Mweleze mfamasia dawa zako nyingine zote. Fenitoini ya kifafa hupungua nguvu kwa B6 ya wingi au kwa asidi ya foliki (vitamini B9) nyingi. Levodopa ya ugonjwa wa kutetemeka, ikiwa haikuchanganywa na kabidopa, huvunjwa na B6. Biotini, yaani B7 inayouzwa kwa ajili ya nywele, huvuruga vipimo vya maabara vya tezi la shingo na hata vya mshtuko wa moyo, kwa hiyo itaje kabla ya kutolewa damu. Na asidi ya foliki haimezwi kwa wingi, zaidi ya mikrogramu 1,000 kwa siku, na mtu ambaye B12 yake haijulikani, kwa kuwa inaweza kuirekebisha damu ikaonekana njema huku mishipa ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Mama mjamzito aendelee na ile ya kliniki. Hiyo ina kipimo chake na ina kazi yake.

Chakula na kuhifadhi

Sisi watu wa visiwani hatukunyimwa B12. Iko katika changu na jodari, katika kaa na chaza, katika mayai, maziwa na ini. Ninaowahofia ni wazee wanaokaa peke yao, ambao chakula chao cha jioni kimebaki kuwa mkate na chai kwa sababu meno yameisha na hamu imepungua. Samaki aliyechambuliwa miba na kupondwa katika mchuzi wa nazi huwafaa kuliko chupa ya vidonge. B1 nayo hupotea mchele unapokobolewa na kusuguliwa ukawa mweupe. Daktari Christiaan Eijkman aliliona jambo hilo kwa kuku wa Java mwishoni mwa karne ya 19, kuku waliolegea miguu kwa kulishwa wali mweupe wakapona kwa mchele usiosuguliwa, naye akatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mbaazi, kunde na pojo huirudisha B1 hiyo mezani.

Joto na unyevu wa pwani huharibu vidonge. Usiviweke dirishani, wala jikoni juu ya jiko, wala usivitoe vyote kwenye karatasi yake na kuvimimina katika chupa. Viweke juu, mahali pasipofikiwa na mtoto, hasa vile vilivyochanganywa na madini ya chuma, ambavyo vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Nafuu ya mishipa huja kwa wiki na miezi. Andika tarehe uliyoanza, na kila jioni mtazame mgonjwa nyayo, kwa kuwa mguu usiohisi hukatwa na gamba la chaza au jiwe la ufukweni na mwenyewe asijue hadi pameoza. Zikipita wiki 12 bila ya mabadiliko, au ganzi ikipanda juu ya kifundo kabla ya hapo, rudi kwa daktari, na ubebe dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na pakiti tupu na zile ulizopewa na jirani.