Kutoka Haytor hadi Hound Tor: jinsi ya kutembea miamba na mabonde ya Dartmoor kwa siku moja

Dartmoor iko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ni nyika ya juu yenye ukubwa wa kilomita za mraba 954, na ni hifadhi ya taifa tangu 1951. Vileleni mwa vilima vyake kumesimama marundo ya granaiti ambayo wenyeji huyaita tor, na mabondeni hupita vijito vyenye kasi. Tor zenyewe hazimsumbui mtu, zinaonekana toka mbali. Shida iko katikati ya tor moja na nyingine: mawe yaliyomwagika mteremkoni, kangaga iliyofika kiunoni, na tope lililojificha chini ya majani mazuri ya kijani. Mwongozo huu unafuata njia moja ya upande wa mashariki, Haytor hadi Hound Tor kupitia bonde la kijito cha Becka, kwenda na kurudi. Ni kilomita 9 hivi, na ukijumlisha milima yote utakuwa umepanda kama mita 400.

Hatua ya 1: Ramani na hesabu ya muda

Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, iitwayo Explorer OL28. Kipimo chake ni 1:25,000, yaani sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Weka alama sehemu hizi nne: Haytor (SX 758 771), Smallacombe Rocks (SX 754 782), Greator Rocks (SX 748 787) na Hound Tor (SX 743 790). Herufi SX ni jina la mraba mkubwa wa ramani. Tarakimu 3 za kwanza husomwa kwa kwenda kulia, 3 za mwisho kwa kupanda juu. Ukizigeuza utajikuta umepanga safari ya mahali pengine kabisa, na hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza.

Kwa muda, tumia kanuni ya zamani ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia hii inatoka kama saa 2 na nusu. Usiiamini. Kanuni hiyo haijui mawe wala tope. Ongeza nusu yake, halafu ongeza saa 1 ya kusimama na kutazama, upate saa 5. Mwezi Desemba jua huzama mnamo saa 10 na robo jioni (simu itakuandikia 16:15), kwa hiyo anayeanza saa 7 mchana atamalizia gizani. Juni una mwanga hadi saa 3 na nusu usiku.

Kwa asiye na gari, treni kutoka London Paddington hufika Newton Abbot, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa teksi. Basi za kwenda Haytor hutegemea msimu, kwa hiyo kagua ratiba kabla hujakata tiketi ya treni.

Hatua ya 2: Vya kubeba

Lita 1 na nusu ya maji kwa mtu mmoja, chakula cha mchana na kitu kitamu cha akiba. Koti la mvua lisilopitisha maji, hata kama asubuhi jua linawaka. Sweta moja ya ziada, ikae ndani ya mfuko wa plastiki. Soksi kavu. Tochi ya kichwani, filimbi, dira, na pawabanki, maana baridi humaliza betri ya simu haraka. Halijoto hupungua kadiri unavyopanda, hivyo juu ya Haytor (mita 457) tarajia nyuzi 3 au 4 chini ya ulizoacha Newton Abbot, na hapo hujahesabu upepo. Jinzi iache nyumbani: ikilowa hushika maji na kuinyonya miguu joto.

Buti ziwe na soli yenye meno na shingo inayofunika kifundo. Viatu vya michezo vinatosha kwenye majani makavu ya Haytor siku ya Julai. Kwenye mteremko wa Becka havitoshi mwezi wowote.

Dira na simu visikae mfuko mmoja. Sumaku ndogo ya kwenye kava la simu inatosha kupotosha sindano.

Hatua ya 3: Haytor, na kusoma jiwe

Anzia maegesho ya chini ya Haytor, penye kituo cha wageni. Vuka barabara, panda moja kwa moja kwenye majani. Hapa hakuna namna ya kupotea. Ukifika kwenye mwamba, usikimbilie kupanda. Weka uso wako karibu na jiwe, kiasi cha shubiri moja. Vipande vyeupe vyenye umbo la matofali madogo ni madini ya feldispa. Vile vya kijivu vinavyong'aa kama kioo kichafu ni kwatsi. Chembe nyeusi zinazometameta jua likizigonga ni maika. Pengine utaona mstari mweusi tii umekata jiwe: huo ni turmalini. Jiwe hili lilipoa chini ya ardhi yapata miaka milioni 280 iliyopita, polepole, ndiyo maana chembe zake zimekua kubwa hivyo.

Sasa rudi nyuma hatua 20 uangalie mipasuko. Iko ya aina mbili: ya wima, na ya ulalo inayofuata mgongo wa kilima. Mipasuko hiyo ndiyo iliyofinyanga tor. Maji yalipenya humo yakalainisha jiwe likiwa bado chini ya udongo. Palipokuwa na mipasuko mingi jiwe likaoza na kuwa changarawe, palipokuwa na michache likabaki bonge gumu. Baadaye, katika enzi za barafu, udongo na changarawe vikateleza kuelekea bondeni na mabonge hayo yakabaki wazi. Mwanajiografia David Linton alilieleza hivyo mwaka 1955, akisema uozo huo ulitokea zama za joto. Wengine waliomfuata wakaupa ubaridi uzito zaidi, na mabishano hayajafa. Msomaji aliyekulia Mwanza hatashangazwa na umbo hili. Mawe ya granaiti yaliyopandana ziwani kule yameumbwa na mipasuko na uozo uleule, ingawa jiwe la Mwanza ni la zamani zaidi kwa mbali.

Kupanda juu: kuna vidato vilivyochongwa kwenye mwamba mkuu. Vimelika, na vikilowa huteleza. Shika mwamba kwa viungo vitatu kila wakati, mikono miwili na mguu mmoja, au kinyume chake, na uangalie utakaposhukia kabla hujapanda, kwa sababu kushuka ndiko kugumu. Granaiti kavu hukwaruza na kushika soli vizuri sana. Granaiti iliyolowa na yenye kuvumwani ni sabuni. Ule ukuta mrefu wa rundo la magharibi ni wa wapanda miamba wenye kamba. Uutazame tu.

Hatua ya 4: Machimbo na reli ya mawe

Shuka upande wa kaskazini hadi kwenye machimbo ya zamani, kama mita 400 tu. Ndani kuna bwawa lililotulia na mabaki ya winchi ya chuma yenye kutu. Ukitoka, tafuta reli kwenye majani: si chuma, ni mawe. Reli hii ilifunguliwa 1820 na George Templer kushusha granaiti hadi kwenye mfereji wa Stover, umbali wa kilomita 13 na ushei. Farasi ndio waliovuta mabehewa. Mawe ya Haytor yaliingia kwenye daraja la London lililofunguliwa 1831, lile ambalo baadaye liliuzwa na kusafirishwa hadi Arizona.

Inama kwenye njiapanda ya reli uone jinsi fundi alivyochonga ukingo wa kuelekeza gurudumu kwenye jiwe zima. Angalia pia mawe yaliyotupwa kando: ukiona mstari wa nusu-matundu ukingoni, hapo jiwe lilitobolewa matundu kwa mstari, likatiwa vipande vya chuma na kupasuliwa kwa nyundo.

Siku ya ukungu reli hii ina faida nyingine. Ni mstari ambao huwezi kuuvuka bila kujua, kwa hiyo ukipotea upande wa kaskazini wa Haytor, rudi kusini hadi uukanyage.

Hatua ya 5: Kushuka Becka, mahali watu wanapoumia

Kutoka Haytor, Smallacombe Rocks iko kwenye digrii 340 hivi za dira, kilomita 1 na kidogo. Ukifika hapo bonde lote linafunguka mbele yako, na Hound Tor inaonekana karibu kama ya kufikia kwa mkono. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kukata moja kwa moja. Usikate. Chini ya tor nyingi kuna mtawanyiko wa mawe ambao wenyeji huuita clitter. Mawe haya yamelala juu ya mengine, na kati yake kuna mashimo yaliyofunikwa na kangaga. Mguu ukiingia humo huku mwili unaendelea mbele, kifundo ndicho kinacholipa.

Tafuta njia inayoonekana wazi, pana kiasi cha watu wawili, inayoelekea kaskazini-magharibi kwenda kijitoni. Jihadhari na vinjia vya kondoo: vyembamba, vinavutia, kisha vinaishia ndani ya kichaka. Kipimo rahisi ni hiki: kinjia kinachopita chini ya tawi la urefu wa kiunoni hakikutengenezwa na binadamu.

Kuhusu tope, rangi husema. Nyasi za kahawia zilizokaa mafungu mafungu hukanyagika juu ya mafungu. Nyasi ngumu za mviringo, nyembamba kama sindano za kufumia, maana yake maji yako karibu. Vichwa vyeupe kama pamba, maji yako juu zaidi. Na zulia laini la kijani kibichi kinachong'aa, lisilo na jani lililosimama, ni sfagnamu, mmea laini wa majimaji unaoelea: zunguka. Ukizama hadi gotini usivute mguu mmoja kwa nguvu, maana utamzamisha mwenzake. Lala nyuma, tandaza uzito, toa mguu polepole, urudi ulikotoka.

Kijito chenyewe kinavukwa kwa daraja dogo la mawe bapa. Ubapa uliolowa huteleza, vuka kwa hatua fupi. Mvua kubwa ikinyesha juu, vijito vya Dartmoor hujaa kwa saa chache, kwa sababu udongo mweusi wa juu ukishashiba hauna pa kuyaweka maji. Ukikuta maji yamepanda juu ya mawe ya daraja na yana rangi ya chai ya rangi, geuza. Maji ya kasi yaliyofika gotini yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Hatua ya 6: Kijiji kilichohamwa

Panda upande wa pili hadi Greator Rocks, kisha pita upande wake wa kaskazini-magharibi. Kati yake na Hound Tor kuna misingi ya kijiji cha zama za kati, kuta za granaiti zinazofika magotini au kiunoni. Simama ndani ya nyumba ndefu uangalie mteremko wa sakafu: watu waliishi upande wa juu, ng'ombe wakakaa upande wa chini ili mkojo utoke nje usirudi jikoni. Ghala zake zina tanuri za kukaushia nafaka, jambo linalokueleza zaidi kuhusu mvua za huku kuliko kipimo chochote. Usipande juu ya kuta, mawe yake yamepangwa bila saruji.

Hound Tor (mita 414) iko juu kidogo, na uchochoro katikati ya miamba yake ni mahali pazuri pa kula bila upepo. Farasi wadogo watakujia. Usiwalishe, wakizoea mkate hufuata magari barabarani na kugongwa.

Hatua ya 7: Kurudi

Kumbuka kwamba bonde bado linakungoja: kutoka kijitoni hadi Smallacombe ni zaidi ya mita 100 za kupanda na miguu imeshachoka. Weka saa ya kugeuka Hound Tor mapema, uiheshimu hata kama hujamaliza chai. Ukungu ukishuka, pima mwelekeo kwa dira ukiwa bado unaona alama, si baada ya kuipoteza, na uhesabu hatua. Kwenye tambarare mita 100 ni kama hatua 65 za mguu mmoja. Kwenye vichaka huongezeka, hivyo jipime mapema ukiwa kwenye reli.

Dharura ikitokea piga 999 au 112, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Wape tarakimu za ramani ulipo. Filimbi: mara 6, pumzika dakika 1, rudia.

Sheria kwa ufupi: mbwa awe kwenye kamba kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai kwa ajili ya ndege wanaotaga chini. Mahakama ya Juu ilithibitisha Mei 2025 kwamba haki ya kupiga kambi kwenye nyika za Dartmoor ipo chini ya sheria ya 1985, lakini si kila sehemu inaruhusiwa. Angalia ramani ya mamlaka ya hifadhi. Moto hauwashwi. Ukienda siku nyingine upande wa kaskazini wa nyika, kagua kwanza ratiba ya jeshi: bendera nyekundu juu maana yake wanapiga risasi.

Ukifika garini, vua soksi ukague kupe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio kwa watoto. Aliyenasa mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima bila kumsokota. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe, na ukiona wekundu unaotanuka kwa mviringo ndani ya wiki chache zijazo, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa Dartmoor.