Ba diapo ya proje yako: anzia ku mwisho

Bandugu ba Lubumbashi, nyinyi benye kupiga foto, benye kushona, benye kupaka rangi ku kuta, hii ni ya kwenu. Tangazo ya franga ya kusaidia ba proje ikitoka tu, tunakimbia kufungua PowerPoint, tunaweka titre kubwa na jina yetu, kisha tunajaza tu, tunajaza. Ata mimi nilikuwaka vile. Siku moja nilisimama mbele ya batu 5 na diapo 34, nasoma kila kitu kama mwalimu wa diktee, kufika ya 19 mama mmoja akanikata: "Sasa papa, unaomba nini?" Nikaanza kugeuza geuza kuitafuta, kumbe ilikuwa ya 31. Ile franga sikuipata, na yule mama alikuwa na haki.

Njo maana siku hizi naanzia ku mwisho. Mbele ya kugusa mashini nachukua karatasi naandika fraze moja: naomba nini, kwa nani, ya kufanya nini, lini. Mufano: "Tunaomba dola 1.800 ya rangi na mishahara, tupake ukuta wa masomo moja ya Katuba, mwezi wa 7 na wa 8." Kama hauwezi kuiandika kwa fraze moja, proje yako haiyaiva, acha kwanza diapo. Na angalia ile miezi, si bure: ni kiangazi, mvua haiko, rangi inakauka muzuri, tena batoto beko mu vakansi, lupango iko wazi. Ukiandika mwezi wa 1, mutu yeyote wa huku anajua haujapakaka ukuta ata siku moja. Kintu kidogo kama hiki kinafanya bakuamini kuliko paji nzima ya kujisifu.

Sasa foto ya kufungulia. Tafazali, si ile shimine ya Gécamines, kampani ya shaba, na mulima wake mweusi! Ni muzuri, sikatai, lakini kila mutu anafungulia nayo, na kama unapeleka dosie kwa batu kama ba Picha, benye kufanya Biennale ya huku, ile maonyesho kubwa ya sanaa, tangu 2008, ile mulima beko naiona mpaka mu ndoto. Onyesha ukuta wako. Simama sawasawa mbele yake, piga foto na telefone yako, asubuhi jua ikiwa bado pole. Kisha kwa ile foto ileile weka mchoro wako juu yake na programu yoyote, ata ya telefone. Diapo ya kwanza: ukuta wa leo na mavumbi yake na matobo yake. Ya pili: ukuta uleule na rangi. Usiongee. Hesabu mu kichwa mpaka 5, acha macho yafanye kazi. Kwa mushonaji ni kitambaa kwanza, kisha nguo mu mwili wa mutu, ni njia ileile.

Kisha ni kusema juu ya nini pale, juu ya nini wewe, kazi 3 ulizozimaliza (si 12), na franga. Ya franga ni mistari 5 ao 6, tablo kubwa inabaki ku karatasi. Na weka mushahara wako ndani! Ba artisti tunaona haya, tunaandika rangi, brosi, transporti, sisi tunajisahau, halafu mwenye kutoa franga anajiuliza huyu atakula nini hiyo miezi 2, pengine atakula rangi.

Kuna Mumarekani mmoja, Guy Kawasaki, alisema diapo 10, dakika 20, na ukubwa wa maandiko usishuke chini ya 30. Alikuwa naongea na batu ba biashara, lakini ile ya maandiko shika. Weka mashini ku meza, rudi nyuma mpaka ku mulango, kile haukisomi ukitoe. Na kwa kujizoeza jaribu PechaKucha, namna ya kuonyesha picha ya ba arshitekti babili ba Tokyo tangu 2003: picha 20, kila moja sekonde 20, inapita yenyewe, dakika 6 na sekonde 40 umemaliza. Utaona namna tunapendaka kuzunguka.

Masale yetu mingi haina rido. Projekta haijui kutupa rangi nyeusi, nyeusi yake ni ukuta wenyewe, kwa hiyo kama jua iko naingia, ile diapo yako nyeusi na maandiko ya kijivu inakufa kabisa. Weka nyuma nyeupe, maandiko nyeusi, na foto za giza uzifungue mwanga kidogo mbele ya kuzitia.

Kuran, hapo mnajua. Batri ijae, PDF iwe ku kle USB na ku telefone, adaptateri ya HDMI na ya VGA (ya kuunga mashini na projekta) yote mu saki, na chapa karatasi 3: ukuta wa leo, ukuta wa kesho, franga. Mara moja kuran ilienda diapo ya pili tu, nikavuta kiti karibu nikazipitisha mu mikono, ikawa muzuri kuliko ekra. Na kama kuran iko lakini unataka bakuangalie wewe, gusa B, PowerPoint inazima ekra, ukigusa tena inarudi.

Ku diapo chapa Kifaransa, kwa kinywa uliza kwanza kama Kiswahili inaenda, mara mingi inaenda. Batakuuliza ukuta ukiharibika nani atautengeneza, tayarisha hiyo. Swali haulijui, sema utaandika jibu kesho, na kesho uandike kweli.

Na ile diapo ya "Merci de votre attention", toa. Ya mwisho ni ile fraze ya ku karatasi, dola, ukuta, miezi, na namba yako ya telefone chini, ikae ku ekra wakati wote banauliza maswali.