Somo: Kuzalisha kambale kwa sindano ya homoni

Kambale wa bwawani hujaa mayai hadi tumbo linaning'inia, na bado hatagi. Anangoja masika. Kwenye mito na maziwa hupanda usiku mbuga zikifurika, akataga kwenye majani. Bwawani mafuriko hayafiki, basi sindano ndiyo mvua yake.

Chagua jike la kilo 1 hivi. Libonyeze tumbo taratibu. Yakichomoza mayai machache yanayolingana ukubwa, yuko tayari. Mpime kwa mizani, maana dozi hufuata uzito: Ovaprim, homoni ya dukani ya kutagisha samaki, nusu mililita kwa kilo. Ukikosa, toa tezi ya pituitari ya kambale mkomavu mwenye uzito uleule. Ni kipunje cheupe kilichojificha chini ya ubongo. Isage, uichanganye na maji safi yenye chumvi gramu 9 kwa lita. Mfunike jike kichwa kwa kitambaa kibichi, umchome kwenye msuli wa mgongo, sindano ikiwa imelala.

Sasa pima joto la maji, hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kwenye nyuzi 25 mayai huiva baada ya masaa 10 hadi 12. Kwenye 30 ni kama 7. Kwenye 20 yanakaribia masaa 20. Mara yangu ya kwanza nilihesabu masaa tu, baridi ya usiku ule sikuijali. Asubuhi nikambana jike kwa nguvu, ikatoka damu. Yakiiva hayahitaji nguvu, yanamiminika yenyewe.

Kamulia mayai kwenye beseni kavu. Kavu kweli! Mpasue dume, toa korodani, futa damu, zikatekate na kuzikamulia juu ya mayai. Koroga kwa unyoya wa kuku, kisha ndipo utie maji. Mbegu ikishagusa maji huishi kama dakika 1 tu, kwa hiyo usiitikie simu. Tandaza mayai juu ya wavu, yasipandane, maji yakipita polepole. Kwenye nyuzi 25 huanguliwa baada ya siku 1 na ushee. Yaliyogeuka meupe yaondoe, huota ukungu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, lazima dume afe? Hakamuliki kama jike?
Hakamuliki, dada. Ila dume mmoja hutosha majike kadhaa, na nyama yake haitupwi.

Na sato nao tuwachome?
Sato? Hao huzaana hadi bwawa linajaa vidagaa! Homoni unayoisikia kwa sato huwekwa kwenye chakula cha vifaranga ili wawe madume. Ni kazi nyingine kabisa.

Vifaranga wangu walianguliwa wengi, wiki ya pili wamebaki wachache. Nani kawaiba?
Wamekulana. Siku 3 za mwanzo hutumia kiini walichozaliwa nacho, baada ya hapo wape artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, mara nyingi kwa siku, usiku pia. Ukiona mmoja amewazidi wenzake, mhamishe siku hiyohiyo. Kesho atakuwa ameshiba wadogo zake.