Kupima Jeni za Chavua ya Nyanya: Anza na Umri wa Tumba

Mwongozo huu ni wa wanafunzi na maafisa wa kilimo wa huku Malindi wanaotaka kujua ni jeni zipi zinazofanya kazi chavua inapokomaa. Mashine ya kupimia jeni hutoa namba hata kwa sampuli mbovu, ndiyo maana nimeshikilia zaidi kazi ya shambani.

Hatua ya kwanza ni kuchuma matumba ya urefu mbalimbali, alfajiri, kabla jua la Sabaki halijakolea, kwa sababu joto lenyewe huamsha jeni za kujikinga. Pima kila tumba kwa rula na ulipe namba. Msimu wangu wa kwanza nilitegemea urefu peke yake, nikaja kukuta kwamba matumba mawili ya milimita 5, moja la kivulini na jingine la juani, yalikuwa na chavua za umri tofauti.

Hatua ya pili, ukiwa na glavu, pasua tumba kwa kibano safi. Vifuko vya chavua vimeshikana kama koni. Kimoja kiweke kando kwa ajili ya hadubini, vilivyobaki vitumbukize papo hapo katika dawa ya kuhifadhi RNA (nakala ambazo jeni hutoa zinapofanya kazi), kwani vimeng'enya vya mmea wenyewe huivunja upesi. Sanduku la barafu kama la wavuvi litakufikisha maabara. Kichupa na kioo cha hadubini vibebe namba ile ile.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi. Ponda kile kifuko katika tone la asetokamini, rangi inayoonyesha viini vya seli, ukifunike, ukipashe moto kidogo bila kukichemsha. Ukiona seli nne zilizoshikamana ndani ya ganda moja, meyosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kwa nusu, imekwisha punde. Seli moja moja zenye kiini kimoja ni mikrospora, yaani chavua changa. Viini viwili vinaonyesha kwamba mitosisi (mgawanyiko wa kawaida wa seli) ya kwanza imepita. Chavua ya nyanya huliacha ua ikiwa na seli 2, tofauti na ya mahindi na mpunga yenye 3, kwa hiyo usingojee ya tatu.

Hatua ya nne, kamua RNA, ondoa mabaki ya DNA, kisha upime mimea isiyopungua 3 kwa kila hatua ya ukuaji. LAT52, jeni ya chavua ya nyanya, ni shahidi mzuri: huanza kuonekana karibu na mitosisi ya kwanza na kuongezeka hadi chavua inapokomaa. Ikiwa juu katika kundi la seli nne, namba za sampuli zako zimechanganyika.

Kumbuka pia kwamba kifuko kizima kina tapetamu, tabaka linaloilisha chavua, ambalo hufa kabla chavua haijakomaa. Jeni ikitoweka ghafla, huenda ilikuwa ya tapetamu. Ili kutenganisha, kamulia chavua katika maji ya chumvi baridi, uichuje kwa wavu mwembamba, na upime maganda yaliyobaki peke yake.