Chakula hai na chakula kilichosindikwa: namna ya kuvitofautisha sokoni Kigoma

Katika mafunzo ya lishe ninayoendesha kwa vikundi vya akina mama hapa Kigoma, swali lisilokosekana ni hili: "Mwalimu, tule vya asili au vya kiwandani?" Swali hilo limefunga mambo mawili pamoja. Chakula hai ni habari ya shambani, yaani kililimwaje. Kusindikwa ni habari ya baada ya kuvuna, yaani kimefanywa nini hadi kikufikie. Sukari ya miwa ya kilimo hai bado ni sukari, na nyanya ambayo haijawahi kuona kiwanda inaweza kuwa imepuliziwa dawa juzi. Kwa hiyo kila chakula kiulize maswali yote mawili.

Hatua ya 1: Uliza habari ya shambani

Kilimo hai hakitumii mbolea za viwandani, viuatilifu vya kemikali wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Mkulima hutegemea samadi, mboji, kubadilisha mazao, na dawa za asili kama mwarobaini.

Pale soko la Mwanga, neno "kienyeji" lisikutoshe. Mchicha wa kienyeji unaweza kupuliziwa sawa na kabichi. Muulize muuzaji kwa heshima: "Mama, hizi nyanya zimetoka wapi? Zilipuliziwa lini mara ya mwisho?" Kila kiuatilifu kina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nayo huandikwa kwenye kibandiko chake. Kwa mahindi na maharage uliza pia yamehifadhiwa na nini: dawa ya unga, au mifuko isiyopitisha hewa? Anayenunua kwa mkulima mwenyewe hupata majibu. Wachuuzi wengi hawajui, na wakikuambia hawajui, wamesema kweli.

Kwenye bidhaa za pakiti tafuta alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ni jambo jingine: inahusu viwango vya ubora na usalama, haikuambii chochote kuhusu kilimo hai. Watu wengi huzichanganya.

Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika hawalimwi, kwa hiyo swali hili haliwahusu. Kwao nenda moja kwa moja hatua ya pili.

Hatua ya 2: Kipange kwenye fungu lake

Watafiti wa Brazil, wakiongozwa na Carlos Monteiro, waligawa vyakula katika mafungu manne kwa kuangalia kiasi cha usindikaji. Mgawanyo huo unaitwa NOVA, na ukiufuata na kikapu chako mkononi unaeleweka haraka.

Fungu la kwanza ni vyakula vya asili au vilivyoguswa kidogo: mihogo, maharage ya Kasulu, maziwa yaliyochemshwa, dagaa waliokaushwa juani bila chumvi. La pili ni vya kupikia: mafuta, sukari, chumvi ya Uvinza. La tatu ni chakula cha fungu la kwanza kilichotiwa vya fungu la pili, kama samaki wa chumvi. La nne ndilo ninaloomba upunguze: soda, soseji, biskuti, tambi za dakika chache, unga wa kuungia mchuzi. Hivyo vimetengenezwa kwa wanga, mafuta na sukari vilivyochujwa, vikatiwa rangi, ladha na viambato ambavyo hakuna jiko la nyumbani linavyo.

Usindikaji wenyewe si adui. Mihogo michungu isipolowekwa na kukaushwa vizuri ina sumu ya sayanidi. Lakini mahindi yakikobolewa kuwa sembe hupoteza nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B zinazobaki kwenye dona.

Mawese yetu ni mfano mzuri kuliko yote. Mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiwandani mafuta hayo husafishwa yakawa meupe na karotini ikaondoka. Nyumbani nako, ukiyaunguza mpaka yapoteze wekundu, umefanya kazi ileile ya kiwanda. Yapashe moto kiasi tu, na uyatumie kwa kipimo: karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo yakizidi hayafai kwa moyo, mekundu kwa meupe.

Hatua ya 3: Soma lebo ya nyuma ya pakiti

Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umenunua sukari. Kisha piga hesabu: kinywaji chenye gramu 10 za sukari kwa mililita 100, chupa ya mililita 350, ni gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Chumvi ikiandikwa kama sodiamu, zidisha kwa 2.5. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku.

Hatua ya 4: Kagua usalama, hata cha shambani kwako

Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, yaliua watu Dodoma na Manyara, na mengi yalilimwa na familia zenyewe. Anika mahindi na karanga juu ya turubai, si ardhini, na usifunge gunia kabla hayajakauka. Yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi yatoe na kuyafukia. Usiyapikie pombe wala kuwapa mifugo: kuku hudhurika, na kwa ng'ombe sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.